Kituo cha Mohrenstraße: jina lililotangazwa kila treni iliposimama

Katikati ya Berlin kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi ambacho hubatizwa upya kila utawala unapobadilika. Kilifunguliwa Oktoba 1908 kwa jina la Kaiserhof, hoteli ya kifahari iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, hoteli ilikuwa magofu na eneo lilikuwa mikononi mwa Wasovieti. Mwaka 1950 kikaitwa Thälmannplatz, kumuenzi kiongozi wa wakomunisti aliyeuawa na Wanazi katika kambi ya Buchenwald. Mwaka 1986 kikapewa jina la Otto Grotewohl, waziri mkuu wa kwanza wa Ujerumani Mashariki. Ujerumani mbili zilipoungana, majina ya kikomunisti yakaanza kung'olewa, na mwaka 1991 kituo kikachukua jina la mtaa wa jirani: Mohrenstraße.

Jina hilo ndilo lililozua ugomvi mkubwa kuliko yote yaliyotangulia. Mohr ni neno la kale la Kijerumani la kumtaja mtu mweusi. Ni neno la enzi ambazo watoto wa Kiafrika walipelekwa kwenye majumba ya wafalme wa Ulaya kama zawadi, wakavishwa nguo za kupendeza na kufanywa watumishi au wapiga ngoma na tarumbeta. Wajerumani weusi na wanaharakati walidai kwa miaka mingi lifutwe. Wengine walilitetea, na hoja zao zinastahili kusikilizwa.

Watetezi wanasema mtaa ulipewa jina hilo mwanzoni mwa karne ya 18, wakati neno lenyewe halikuwa tusi. Wapo wanaosimulia kwamba ujumbe wa Waafrika kutoka Groß Friedrichsburg, ngome ya dola ya Kijerumani ya Brandenburg kwenye pwani ya Ghana ya leo, ulifikia katika nyumba ya wageni mahali hapo. Ikiwa ndivyo, basi mtaa ulikuwa unakumbuka ziara ya wageni wa heshima. Simulizi nyingine inawataja wanamuziki weusi wa jeshi la Prussia. Hoja yao ya pili inanigusa zaidi: ukifuta jina, unafuta pia ushahidi. Mji ulioshiriki biashara ya watumwa kupitia ngome ile ungebaki na ramani safi isiyomuuliza mtu chochote. Walipendekeza jina libaki, kisha liwekwe bango la maelezo.

Kwa mtaa, hoja hiyo ina uzito. Mtaani mtu hutembea, husimama, husoma. Kituo cha treni hakiko hivyo. Jina la kituo hutamkwa na kipaza sauti ndani ya behewa, asubuhi hadi usiku, na mlango ukifunguka watu hushuka. Huwezi kuning'iniza bango la maelezo kwenye sauti. Mama mweusi aliyempakata mtoto wake kwenye njia ya treni ya U2 alilisikia neno lile pasipo historia, pasipo utetezi wa wanahistoria, likiwa neno tupu. Ndiyo maana naona hata anayetaka jina la mtaa libaki alipaswa kukubali kwamba la kituo lina hesabu yake. Wengi waliobishana waliyachanganya mambo haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja.

Hata hivyo, kuwa na haki ya kubadilisha jina hakukupi ruhusa ya kulibadilisha ovyo. Julai 2020, wiki chache baada ya George Floyd kuuawa Marekani na maandamano kuenea duniani, kampuni ya usafiri ya Berlin, BVG, ilitangaza ghafla kwamba kituo kitaitwa Glinkastraße, kwa jina la mtaa mwingine wa karibu. Mikhail Glinka alikuwa mtunzi wa muziki wa Kirusi aliyefariki Berlin mwaka 1857. Siku chache hazikupita kabla ya wakosoaji kueleza kwamba mtunzi huyo alikuwa na chuki dhidi ya Wayahudi. Katika mji ule, kati ya miji yote! BVG ikalazimika kurudi nyuma. Waliosema kwamba mabadiliko ya majina hufanywa kwa kufuata upepo walipata mfano mzuri kuliko wowote ambao wangeweza kuutunga wenyewe.

Njia nyingine ilikuwa ndefu. Agosti 2020 baraza la wilaya ya Mitte liliamua mtaa uitwe Anton-Wilhelm-Amo-Straße. Amo alizaliwa karibu mwaka 1703 katika eneo la Ghana ya leo, akachukuliwa akiwa mtoto hadi kwenye nyumba ya watawala wa Wolfenbüttel, Ujerumani. Akasoma sheria na falsafa, na mwaka 1729 akatetea huko Halle hoja ya kisheria kuhusu haki za watu weusi katika Ulaya. Alifundisha Halle na Jena, kisha akarudi Afrika, akafia huko. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani, na kesi zikachukua miaka kadhaa. Jina jipya la mtaa lilizinduliwa Agosti 2025, na kituo nacho kikalichukua. Wapo waliokerwa na ucheleweshaji huo. Mimi naona ulisaidia, kwa sababu katika miaka hiyo Wajerumani wengi ambao hawakuwahi kumsikia Amo walijua alikuwa nani. Jina lake liliingia vichwani kabla ya kuingia kwenye kibao.

Kwetu wa Afrika Mashariki, eneo hilo lina jambo jingine. Hatua chache kutoka kituo kile, Wilhelmstraße namba 77, ndipo lilipokuwa kasri la Kansela Bismarck. Humo ndimo mataifa ya Ulaya yalimokutana kuanzia Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885 kukubaliana kanuni za kugawana Afrika. Siku moja tu baadaye, tarehe 27, Kaizari alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters, iliyokuwa na mikataba ya ulaghai kutoka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Peters ndiye yule ambaye wazee wetu walimpa jina la Mkono wa Damu.

Naye alipewa mtaa Berlin. Mwaka 1939, chini ya Wanazi, barabara katika Mtaa wa Waafrika, kitongoji chenye barabara za majina ya Kiafrika huko Wedding, iliitwa Petersallee. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1986 viongozi walitafuta ujanja: waliamua kwamba kuanzia siku hiyo jina linamhusu Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Herufi zilezile, kibao kilekile, mtu mwingine. Nimelifikiria sana suala hili na sioni namna ya kulitetea. Kwa anayepita barabarani hakuna kilichobadilika, na kwa mjukuu wa waliouawa ilikuwa kama kuambiwa damu imekauka yenyewe. Kama kuna mfano unaonyesha udhaifu wa hoja ya kwamba maelezo yanatosha, ni huo.

Agosti 2024 barabara hiyo iligawanywa. Sehemu moja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke aliyeuawa Windhoek, Namibia, mwaka 1959 katika maandamano dhidi ya kuhamishwa kwa nguvu. Nyingine ni Maji-Maji-Allee. Miezi tisa kabla, Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa amesimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika vita vile vya 1905 hadi 1907.

Inabaki hoja ya wale wanaosema mji hauwezi kuishi kwa kubadilisha majina kila kizazi, kwamba mzee anayekwenda hospitali anahitaji kituo chenye jina analolijua. Ni kweli. Dar es Salaam tulipitia hayo: Acacia Avenue ya Waingereza ikawa Independence Avenue, kisha Samora, na wapo wazee waliokwenda kwa majina ya zamani kwa miaka. Lakini walizoea, na leo hakuna anayepotea njia akitafuta Samora. Usumbufu wa jina jipya hupungua kila mwaka. Usumbufu wa jina la Mohr kwa anayeitwa kwalo haukupungua kwa miaka mia tatu.

Ukipanda U2 kwenye kituo kilichoitwa Mohrenstraße kuelekea mashariki, kituo kinachofuata ni Stadtmitte. Hapo unahamia U6 ya kaskazini hadi Afrikanische Straße, jina ambalo limebaki vilevile tangu kituo kilipofunguliwa mwaka 1956. Ukitoka juu, uko karibu na Mtaa wa Sansibar na Mtaa wa Tanga, na ukiendelea kwa miguu unafika Maji-Maji-Allee. Kibao chake kina maneno mawili ya Kiswahili.