Hata Uholanzi wakuu wa mikoa hawapigiwi kura

Kila mkeka wa uteuzi wa wakuu wa mikoa ukitoka usiku kwetu Tanzania, kundi la WhatsApp la ukoo wetu halilali. Nani kaula, nani kahamishwa, nani "atapangiwa kazi nyingine". Wakishachoka kubishana wananigeukia mimi niliye Ulaya: "Shemeji, huko si mnawachagua wenyewe?"

Hatuwachagui. Naishi Limburg, kusini mwa Uholanzi, na naomba leo nilijibu swali hili kwa kirefu ili lisinifuate tena.

Uholanzi ina mikoa 12. Wananchi tunapigia kura baraza la mkoa kila baada ya miaka minne, lakini anayeliongoza baraza hilo, Kamishna wa Mfalme (Limburg tunamwita gavana), ni wa kuteuliwa. Waziri wa mambo ya ndani anapendekeza, mfalme anatia saini. Mameya nao ni hivyo hivyo. Mwaka 2005 walijaribu kufungua njia ili meya achaguliwe na wananchi. Hoja ikafia kwenye Seneti, na waziri aliyeibeba, Thom de Graaf, akajiuzulu. Mwaka 2018 walifanikiwa kuuondoa uteuzi huo kwenye katiba, lakini ukabaki kwenye sheria za kawaida, na maisha yakaendelea kama zamani. Kwa hiyo anayesema Wazungu wametuzidi kwa sababu wao wanachagua, kwenye hili hana hoja.

Wametuzidi mahali pengine, na ni padogo kuliko watu wanavyodhani. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 61, inasema wakuu wa mikoa wa Bara watateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na wa Zanzibar na Rais wa Zanzibar baada ya kushauriana na Rais. Sheria ya mikoa ya Uholanzi nayo, kwa bahati tu, inalizungumzia suala hili kwenye kifungu cha 61. Ila chao hakiishii kwenye nani anateua. Kinataja muda, miaka sita, unaoweza kuongezwa. Kinataka baraza la mkoa likae na waziri kueleza linamtaka mtu wa sifa gani. Halafu kinataka kamati ya wajumbe wa baraza hilo iwahoji waombaji kwa siri, na baraza lipeleke majina mawili kwa waziri, la kwanza likiwa ndilo linalopendelewa. Waziri hulifuata, isipokuwa awe na sababu nzito.

Hili nililiona kwa macho mwaka 2021. Aprili ile serikali yote ya mkoa wetu ilianguka kwa kashfa ya ruzuku iliyokwenda kwenye taasisi ya kutunza mandhari, na gavana Theo Bovens akaondoka nao. Akaletwa kaimu, Johan Remkes, mzee wa siasa aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani. Julai mto Geul ukafurika na kuizamisha Valkenburg, watu wakawa wanatoa makochi yaliyoloa na kuyarundika barabarani, na mkoa ulikuwa bado chini ya kaimu. Hawakuharakisha. Tangazo la kazi lilitoka, watu wakaomba, kamati ikahoji, na Desemba akaingia Emile Roemer.

Roemer huyo ndiye aliyenifanya nianze kuufuatilia mfumo huu. Kwa miaka saba, 2010 hadi 2017, alikuwa kiongozi wa chama cha SP bungeni, chama cha upinzani kilichokuwa kikiishambulia serikali ya Mark Rutte karibu kila wiki. Na ni serikali ya Rutte huyo huyo iliyopeleka jina lake kwa mfalme. Hakudaiwa kadi mpya ya chama. Sisi tuliwahi kuonja kitu kinachokaribia hapo Juni 2017, Rais Magufuli alipomteua marehemu Anna Mghwira, mwenyekiti wa chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo, kuwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Chama chake kikamvua uenyekiti, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshahamia CCM. Simlaumu mama yule, Mungu amrehemu. Kiti chenyewe kimetengenezwa hivyo kwamba aliyekikalia hana pengine pa kuegemea.

Sasa tuje kwenye muda, maana hapa ndipo penye kidonda.

Mkuu wa mkoa wa kwetu hana muda. Ana siku. Chukua mfano unaojulikana na kila mtu: Albert Chalamila alihamishwa kutoka Mbeya kwenda Mwanza Mei 2021, Juni uteuzi ukatenguliwa, Julai 2022 akarudishwa kuwa mkuu wa mkoa wa Kagera, Mei 2023 akapelekwa Dar es Salaam. Sisemi anafaa au hafai. Nauliza tu, mtu anayeweza kuondoka kabla hajamaliza kufungua maboksi ya vyombo atapanga nini cha miaka mitano? Atapanga kinachoonekana kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Nilikulia katika mkoa ambao sitautaja, na hakuna mwenyeji atakayeshangaa. Ziara ikitangazwa, greda linapita barabara ya zahanati jioni ya mwisho, mawe ya pembeni yanapakwa chokaa, na wanafunzi wanapangwa juani tangu asubuhi wakiwa na nyimbo. Msafara unafika alasiri. Mkuu anashika kipaza sauti, anamwita mtendaji wa kata mbele ya umati: "Hebu jieleze hapa!" Mtendaji huyo siku moja alikuwa kaka yangu wa ukoo. Aliulizwa fedha za darasa ambazo halmashauri ilikuwa haijazileta. Akasema hivyo. Umati ukapiga makofi, sijui wakimpigia nani, na yeye akapakiwa kwenye gari la polisi. Alilala ndani siku mbili, akatoka bila shtaka lolote. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa uwezo wa kumweka mtu ndani hadi saa 48, ikitaka pawe na tishio la kweli kwa amani. Tishio gani linaletwa na mtu anayesema hela haijafika?

Miezi michache baadaye mkuu yule alihamishwa. Wakakabidhiana ofisi, wakapigwa picha na faili la makabidhiano. Mpya akaja na ajenda yake, na lile darasa halikuwemo.

Gavana wa Limburg hana uwezo wa kumweka mtu ndani kwa saa hata moja. Kwenye baraza anaongoza kikao lakini hana kura. Kazi zake nyingi ni za kuchosha kuzisimulia: kusimamia maombi ya watu wanaotaka umeya, kutembelea manispaa, na tangu sheria ya mwaka 2024, kuzikalisha manispaa zikubaliane wakimbizi watapokelewa wapi na wangapi.

Msidhani nausifia tu. Vyama vikubwa hapa viligawana viti hivi kwa miaka mingi, na wastaafu wa uwaziri bado hutua humo. Hugo de Jonge alitoka uwaziri akawa kamishna wa Zeeland mwaka 2024, ingawa angalau ni mzaliwa wa Bruinisse, hukohuko Zeeland. Usaili wa siri nao unanikera. Mimi mlipa kodi sitajua kamwe nani aliomba akakataliwa.

Binamu zangu wa Mombasa wananiambia tufanye kama Kenya, kila mtu na gavana wake wa kura. Pengine. Lakini wao wana magavana 47, na bado makamishna wa kuteuliwa na Nairobi wamo katika kila kaunti. Mimi naona mkuu wa mkoa wa kuteuliwa ana faida yake kwetu. Mtu wa Mtwara kwenda kuongoza Kigoma ni urithi wa Mwalimu nisiotaka tuutupe.

Ninachotaka ni kidogo: muda ulioandikwa, hata miaka minne, kutenguliwa kuambatane na sababu iliyoandikwa, na kile kifungu cha saa 48 kifutwe. Na kabla mteule hajakwenda kuapa, akae na Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Chombo hicho kipo kisheria, wenyeviti wa halmashauri wamo, wakurugenzi wamo. Wamuulize barabara ipi ataanza nayo, na lile darasa lililoachwa kwenye linta atalimaliza lini.