Positroni haifi kwa kugusa atomi tu

Asante kwa makala ya kipimo cha PET (kile cha hospitali kinachopiga picha ya ndani ya mwili kwa kutumia positroni), ila hapo mliposema positroni, yaani chembe pacha ya elektroni yenye chaji chanya, "ikigusa atomi tu, inatoweka" mmeteleza. Ikiwa na mwendo mdogo na ikakutana na gesi adimu kama heli, mara nyingi huchepuka tu na kuendelea na safari yake.

Sababu yake naipenda mno (nimefundisha fizikia hapa Mwanza miaka mingi, mnivumilie). Kiini cha atomi kina chaji chanya, positroni nayo chanya, basi husukumana. Wakati huohuo positroni huvuta elektroni za atomi upande wake, atomi inapinda kidogo, na mpindo huo unaivuta positroni. Kusukumwa na kuvutwa kunakaribia kufutana. Kwenye heli, positroni ikiwa na nishati ya karibu elektronivolti 2 (kipimo cha nishati ya chembe ndogo), hupita kana kwamba atomi haipo, au karibu hivyo! Neoni nayo ina bonde lake, yaani nishati ambapo positroni huchepuka kidogo mno, chini ya elektronivolti 1. Simameni Mwaloni Kirumba muone wimbi refu la ziwa linavyoupita mti uliochomekwa majini. Si mfano kamili, lakini unasaidia. Elektroni hucheza mchezo huo kwenye agoni, kriptoni na zenoni, si kwenye heli.

Kuanzia elektronivolti 17.8, positroni inaweza kuinyakua elektroni ya heli zikawa jozi iitwayo positroniamu. Hapo sawa, mwisho umekaribia: hata jozi ya aina inayodumu zaidi, ikiachwa peke yake, huishi wastani wa nanosekunde 142 tu.