Kushinda mechi zote 13, kisha kuachwa nje

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 wachezaji wa Florida State, timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu, walikusanyika Tallahassee mbele ya televisheni. Walikuwa wamecheza mechi 13 na kushinda 13, na usiku uliotangulia tu walikuwa wametwaa ubingwa wa kundi lao, ACC. Majina ya timu nne za nusu fainali ya taifa yakaanza kutajwa. Michigan. Washington. Texas. La nne likawa Alabama, iliyokuwa imefungwa mechi moja. Kamera ilikuwa mle mle, hivyo Marekani nzima ikawaona vijana wakiinamisha vichwa, wengine wakiinuka kutoka.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu haina msimamo mmoja wa ligi kama tuliouzoea kwenye soka. Timu zaidi ya 130 zimegawanywa katika makundi yanayoitwa konferensi, ACC ikiwa mojawapo, na nyingi hazikutani kabisa msimu mzima. Kuanzia 2014 hadi msimu huo, kamati ya watu 13 ndiyo iliyoketi na kuchagua timu nne. Konferensi kubwa tano, viti vinne! Kila mwaka ilikuwa lazima walau bingwa mmoja alie. Kwa misimu tisa aliyelia alikuwa na doa la kufungwa walau mara moja, basi kelele zikapoa haraka.

Safari hii tatizo lilikuwa mguu. Tarehe 18 Novemba, dhidi ya North Alabama, timu ndogo ya kupashia misuli, Jordan Travis wa Florida State aliona njia wazi akakimbia na mpira mwenyewe. Akaangushwa, mguu wa kushoto ukavunjika, akatolewa uwanjani kwa kigari. Timu yake ilikuwa nyuma 13-0 mapema katika mechi ile. Ikaishia kushinda 58-13. Lakini Travis alikuwa kwotabeki, na kwotabeki si mtu wa kuziba pengo lake kwa haraka. Fikiria kiungo mchezeshaji, nahodha na nusu ya kocha ndani ya jezi moja.

Wiki iliyofuata wakaifunga Florida 24-15 ugenini na kwotabeki wa akiba, Tate Rodemaker, ambaye naye aligongwa kichwa. Fainali ya ACC mjini Charlotte akaanzishwa Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza. Alirusha pasi 21, zikadakwa nane, jumla yadi 55. Kwotabeki mzuri huzipata yadi hizo kwa pasi mbili. Hata hivyo Louisville iliondoka na pointi sita tu, kwa sababu safu ya ulinzi ya Florida State, Braden Fiske akiwa mbele, iliwanyima hata nafasi ya kupumua. Mwisho 16-6.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kamati haikukurupuka. Mwongozo wake unairuhusu kupima pengo la mchezaji muhimu asiyekuwepo, na kazi iliyopewa wakati huo ilikuwa kutafuta timu bora nne. Mwenyekiti wake, Boo Corrigan, alisema waziwazi kwamba bila Travis hii ni timu nyingine. Siku hiyo hiyo ya fainali, Alabama ilikuwa imeifunga Georgia 27-24, Georgia ambayo ilikuwa haijafungwa mechi 29 mfululizo. Kuiacha Texas pia kusingewezekana, maana mwezi Septemba iliifuata Alabama nyumbani kwake na kuichapa 34-24. Walalamishi wanasema SEC, konferensi ya Alabama, haijawahi kukosa kiti. Ni kweli. Ila ubingwa sita kati ya tisa iliyotangulia ulikwenda huko huko SEC.

Watetezi wa Florida State huikumbusha kamati kisa cha Ohio State mwaka 2014. Ilifika fainali ya konferensi yake na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, ikaingizwa nusu fainali, ikawa bingwa wa taifa. Mtetezi wa kamati atajibu kwamba Jones alishinda 59-0, si 16-6. Sawa, lakini hapo ndipo hoja inaponichosha. Tukikubali jibu hilo tunapima uzuri wa ushindi, na ushindi wa mabeki tunauhesabu nusu. Wiki moja kabla ya fainali hizo Alabama ilinusurika kwa Auburn kwa pasi ya dakika ya mwisho, jaribio la nne, yaani la mwisho kabla ya kupoteza mpira, ikihitaji yadi 31. Sikumsikia mtu akiuliza kama ile nayo ni timu nyingine.

Naamini Alabama ingeifunga Florida State kama zingekutana Desemba ile. Michigan, waliokuja kuwa mabingwa, walihitaji muda wa nyongeza kuitoa Alabama, 27-20. Ila timu iliyoshinda kila mechi iliyopangiwa haipaswi kuulizwa ingefanyaje kwenye mechi ambayo haikuchezwa. Wazee husema asiyekuwepo na lake halipo, na kamati ikamtendea Travis hivyo hivyo. Lake lilikuwepo: LSU ilikula 45-24 naye akiwa uwanjani, Clemson ikafungwa kwao katika muda wa nyongeza. Mwenyewe aliandika kwamba afadhali mguu ungevunjika mapema, watu waone kuwa timu ni zaidi ya kwotabeki.

Kuna wanaodhani Orange Bowl, mechi ya kufungia msimu waliyopewa badala ya nusu fainali, ilimaliza ubishi. Tarehe 30 Desemba Georgia iliifunga Florida State 63-3. Mimi siipokei kama ushahidi. Wachezaji zaidi ya 20 hawakucheza, wakiwemo Jared Verse na Keon Coleman, waliokuwa wakijitunza kwa ajili ya NFL, ligi ya kulipwa. Mlo mkuu ulishaliwa, nani aumie magoti akigombea makombo?

Chuo nacho hakikungoja mwaka mpya. Kabla ya Krismasi kilikuwa mahakamani kikitafuta njia ya kujitoa ACC. Msimu wa 2024 viti vikaongezwa hadi 12, vitano vikiwa vya mabingwa wa konferensi. Florida State ilianza ikiwa ya kumi kitaifa, ikafungwa na Georgia Tech 24-21 mjini Dublin katika mechi ya kwanza kabisa, na ikamaliza na ushindi mara mbili na vipigo kumi. Desemba hiyo kamati haikuwa na haja ya kulitaja jina lake.