Sheria za kozi ya uandishi mwaka wa kwanza: zipi zibaki na zipi zinawaumiza vijana bure

Wiki iliyopita mdogo wangu ambaye kaanza chuo mwaka huu kanitumia picha za autlaini ya ile kozi ya mawasiliano na uandishi, ile ambayo kila mtu wa mwaka wa kwanza lazima aipite, awe anasoma uhasibu, uuguzi au kilimo, akaniuliza "kaka hivi hizi sheria wanamaanisha kweli?" Nimeisoma mara mbili. Kurasa tatu, na ukurasa mmoja na nusu ni masharti tupu: mahudhurio yakiwa chini ya asilimia 75 mtihani hufanyi, kazi ikichelewa hata saa moja ni sifuri, kila kosa la sarufi ya Kiingereza linakatwa nusu maksi, na kazi ikipitishwa kwenye programu ikasema imeandikwa na akili mnemba ni sifuri halafu unaenda kamati ya nidhamu. Kosiweki 40, mtihani wa mwisho 60. Sasa kuhusu kile wanachotarajia kijana aweze kuandika baada ya wiki 15 kuna mistari minne tu.

Nikamjibu wanamaanisha, na nikamwambia aanze kuhudhuria. Lakini tangu siku hiyo hili jambo halijanitoka kichwani maana mimi nimekaa pande zote mbili, nimeipita hiyo kozi nikiwa mwanafunzi na baadaye nikafanya miaka miwili kama msaidizi wa kusahihisha kwenye chuo kimoja hapa Tanzania, kwa hiyo najua kwa nini lekchara anaandika masharti ya namna ile na najua pia yanavyofika kwa yule anayekaa nyuma kabisa ya ukumbi.

Nianze na dedilaini, maana hapo niko upande wa walimu karibu wote. Watu wakisikia kazi iliyochelewa saa moja imepewa sifuri wanasema huo ukatili, ila ukae na mafaili 160 mezani uone. Ukimkubalia mmoja leo saa nne usiku, kesho wako kumi mlangoni, na kila mmoja ana msiba, ana mgonjwa, laptopu imezima, na wengine wanasema kweli na wengine hawasemi kweli, na wewe huna njia yoyote ya kuwatofautisha zaidi ya kumwangalia mtu usoni, na hapo ndo anayejua kuongea anapona na yule mpole aliyekesha akaleta kwa wakati anajiona mjinga. Sheria ngumu inamlinda yule mpole, hilo wengi hawalioni. Tatizo ni kwamba vijana wetu wengi hawana kompyuta zao, boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa hata hela ya kuprinti hakuna, anaandika kwa simu halafu anapanga foleni steshenari pamoja na wenzake mia, umeme ukikatika pale saa kumi jioni dedilaini imekufa na yeye hana kosa. Mimi ningeweka hivi: kila mwanafunzi apewe siku mbili za kuchelewa kwa muhula mzima, azitumie anapotaka bila kuulizwa sababu, zikiisha zimeisha. Lekchara hasumbuliwi na hadithi za misiba na kijana halazimiki kumzika bibi yake mara ya pili.

Mahudhurio sitakaa nayo sana. Hoja ya walimu ni kwamba uandishi ni kama kuogelea, hujifunzi kwa kusoma desa, yaani notsi za kunakili, la mwaka jana usiku wa kuamkia pepa, lazima uwe ndani ya maji, na hapo wako sawa kabisa. Ila ukumbi una watu 400, lekchara anasoma slaidi, karatasi ya kusaini inazunguka na mmoja anawasainia wenzake wanne walioko hosteli wamelala, hayo maji yako wapi? Asilimia 75 ya kukaa kwenye ukumbi ambao hakuna anayeandika chochote haimfundishi mtu kuandika. Kama chuo kinataka kubana mahudhurio kibane kwenye vile vikundi vidogo vya watu 25, pale ambapo kijana anaandika aya moja na mtu anaisoma palepale. Hapo ningekubali hata asilimia 90.

Sasa twende kwenye Kiingereza, maana hapa ndo roho yangu inauma.

Mwaka wa kwanza wa kusahihisha ilinijia kazi ya binti mmoja, swali lilikuwa waandike insha ya hoja kuhusu tatizo moja la mahali walikotoka. Aliandika kuhusu mama yake anayeuza nyanya mnadani na ushuru anaotozwa mara mbili, mara ya kwanza akitoka na mzigo kijijini, mara ya pili akifika sokoni, akapiga hesabu ya tenga moja kutoka shambani mpaka linapouzwa, akaonyesha kinachobaki mkononi, halafu akaeleza kwa nini wakulima wa jirani wameanza kupita njia za panya usiku na kwa nini halmashauri yenyewe ndo inapoteza mapato. Hoja imesimama, mfano uko hai, mwisho unatoka kwenye mwanzo. Nimesoma ripoti za watu wenye shahada mbili ambazo hazifiki pale. Lakini kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho mama yake ni "he". "My mother he sell tomato". Kila mahali. Na hakuna "the" hata moja, au ipo pale isipotakiwa. Nikafuata mwongozo niliopewa, nusu maksi kwa kila kosa, nikahesabu makosa 26, insha ilikuwa ya maksi 30, akabaki na 17. Aliyekaa kiti cha pembeni alikuwa na insha ya Kiingereza safi, haisemi kitu chochote, ufisadi ni mbaya, elimu ni ufunguo wa maisha, akapata 26.

Yule binti hakuwa mzembe. Kiswahili kina "yeye" moja tu, mama ni yeye, baba ni yeye, kwa hiyo ubongo wake haujawahi kulazimika kuchagua kabla ya kufungua mdomo. Na hatuna "a" wala "the", sisi tukisema "nyanya" msikilizaji anajua ni zipi kutokana na maneno mengine. Alisoma miaka saba kwa Kiswahili kama shule za msingi za serikali zinavyofanya tangu 1967, akaingia kidato cha kwanza siku moja asubuhi akakuta biolojia, jiografia na hesabu zote zimegeuka Kiingereza, na walimu wenyewe wakibanwa wanarudi Kiswahili ili darasa lielewe. Hili si jambo jipya. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili 1985 na vyuo vikuu kuanzia 1991, serikali haikulitekeleza. Sasa uamuzi ulifanyika juu huko kabla binti hajazaliwa, halafu gharama yake analipa yeye kwa nusu maksi nusu maksi, nani alimuuliza?

Upande wa pili una hoja nzito na nisipoisema nitakuwa nadanganya. Tasnifu ya mwaka wa tatu ni kwa Kiingereza, ripoti ya fildi kwa Kiingereza, barua ya maombi ya kazi na intaviu zake kwa Kiingereza. Lekchara mmoja mtu mzima aliniambia, "mwanangu, ukimwonea huruma hapa unamkabidhi kwa watu wasio na huruma kule mbele." Na ni kweli, nimewaona waliopitishwa kwa huruma mwaka wa kwanza wakaja kupigwa sapu, yaani mitihani ya marudio, tatu kwa mpigo mwaka wa pili kwa sababu hawaelewi hata swali linataka nini. Kozi ikilegeza kiwango hakuna anayepona, hapo sibishani na mzee wangu hata kidogo.

Ninachobishania ni njia. Kukata nusu maksi kunamwambia binti kwamba kakosea mara 26. Hakumwambii kwamba kakosea vitu viwili tu, ambavyo kavirudia mara 26, na hiyo tofauti ndo kila kitu. New York walikutana na jambo hilihili mwaka 1970, vyuo vya umma vya jiji, CUNY, vilipofungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari, ghafla wakapata vijana ambao maandishi yao walimu waliyaona hayasomeki. Mwalimu mmoja wa City College anaitwa Mina Shaughnessy akakaa na insha zao karibu 4,000 akazisoma moja moja, akagundua kwamba makosa yana mpangilio, mtu anakosea kwa kufuata kanuni fulani aliyojijengea kichwani, na ukiijua ile kanuni unaweza kumfundisha. Kumbuka wale wengi wao ni watu waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Wetu kanuni zao tunazijua tayari maana lugha yao ndo yetu! Mwalimu wa Kitanzania hahitaji kusoma insha 4,000 kujua kwa nini mama kawa "he".

Ndo maana sheria ambayo ningeiweka juu ya zote, na haimo kabisa kwenye ile autlaini ya mdogo wangu, ni kurudia kuandika. Kazi ya kwanza isomwe, mwalimu aonyeshe makosa mawili yanayojirudia tu, asiweke maksi, kijana aende akaandike tena, maksi ziende kwenye hiyo ya pili na hapo ukali wa sarufi uwe uleule wala usilegezwe. Najua jibu la walimu, mafaili 160 yatakuwa 320. Ndiyo. Basi insha ziwe mbili kwa muhula badala ya nne.

Na hii ingesaidia hata kwenye akili mnemba, ambako ile sheria ya programu inanitisha kuliko zote. Siwabezi walimu hapa, ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 kazi za wanafunzi zilibadilika ndani ya muhula mmoja, nimeshika mwenyewe kazi tatu za watu wasiofahamiana zenye aya moja neno kwa neno, na mwalimu anayeona hivyo akanyamaza anawaibia wale walioandika wenyewe. Ila mashine ya kukamata nayo ina matatizo yake. Watafiti wa Stanford mwaka 2023 walichukua programu saba za aina hiyo wakazipa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na wageni wanaojifunza Kiingereza, kwa wastani asilimia 61 zikasemwa zimeandikwa na mashine, wakati za watoto wa shule wa Marekani karibu zote zilipita salama. Sababu ni kwamba mtu wa lugha ya pili anatumia maneno machache ya kawaida na sentensi zilizonyooka, na mashine inayaona hayo kama alama ya mashine mwenzake. Chuo kikuu cha Vanderbilt hukohuko Marekani kikazima kifaa cha kukamata akili mnemba cha Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi, Agosti 2023. Sasa sisi ambao darasa zima ni la lugha ya pili, na ya tatu kwa wale waliozaliwa ndani ya Kisukuma au Kihaya, tunampelekaje mtoto kamati ya nidhamu kwa asilimia ya kwenye skrini? Mwenye rasimu ya kwanza kwa mkono wake, iliyosomwa darasani ikachorwa wino, huyo huhitaji mashine kumjua.

Yule binti nilimwita. Nikamwonyesha vile viwili tu, "he" na "the", nikamwambia akiweza aniletee tena, nikamweleza wazi kuwa maksi hazitabadilika. Alirudi baada ya siku tano na kurasa zilezile kaziandika upya kwa mkono, makosa nikahesabu sita, na kaongeza aya nzima kuhusu mzani wa sokoni ambayo mara ya kwanza hakuithubutu kwa sababu, alivyosema, Kiingereza chake kilikuwa hakimfikishi huko. Nikaipeleka kwa mkuu wa kozi. Akaisoma yote amesimama, akasema ni nzuri sana, halafu akanionyesha fomu ya matokeo: safu ya insha ni moja, na ilishajazwa 17.