Siku ya Vikaragosi Duniani: Sherehe Inamsaidia Nani?

Kila Machi 21 wachezesha vikaragosi huadhimisha siku yao, iliyoanza kusherehekewa mwaka 2003 chini ya UNIMA, umoja wao wa kimataifa uliozaliwa Prague mwaka 1929. Naiunga mkono siku hii, ingawa wanaoitilia shaka wana hoja nzito.

Wanahofia kwamba sanaa ikishabandikwa jina la urithi, huanza kukatwa vipande ili imfae mgeni. Hofu hiyo si ya bure. Kule Java, Indonesia, wayang ya kivuli, yaani maonyesho ya vivuli vya vikaragosi kwenye pazia, kwa desturi huchezwa usiku kucha. Dalang, yaani mchezeshaji, mmoja huketi nyuma ya pazia, akachezesha vikaragosi vya ngozi ya nyati, akambadilishia kila mhusika sauti yake, na kuongoza wapiga gamelan, ngoma na matari ya shaba ya huko, kwa kugonga sanduku la mbao. Usiku ukishakomaa, huingia Semar na wanawe, watumishi wachekeshaji, na kupitia vinywa vyao dalang huwasema hata wakubwa wa leo. Ukilibana onyesho hilo ndani ya saa moja ya watalii, utani huo utapenya wapi?

Upande wa pili, umaarufu ni kinga: sanaa inayojulikana hupata watetezi fedha zake zinapotishiwa. Katika Bunraku ya Japani, kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu watatu: mkuu hushika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Mwanafunzi huweza kukaa kwenye miguu peke yake kwa takriban miaka 10. Mwaka 2012 Toru Hashimoto, meya wa Osaka, alitaka kupunguza ruzuku ya jiji kwa sanaa hiyo, akidai ijitahidi kuvuta watazamaji. Fedha za umma lazima ziulizwe maswali, sikatai. Ila tiketi za mwaka huu haziwezi kumpima kijana ambaye bado anajifunza kutembeza miguu.

Na sanaa hii bado inagusa penye kidonda. Mwaka 2021 Amal, kikaragosi cha mita 3.5 cha msichana mkimbizi wa Syria, kilitembezwa kutoka Uturuki hadi Uingereza; mjini Larissa, Ugiriki, kilirushiwa mawe. Kwa hiyo sherehe na ziendelee, lakini fedha zake zianze kwa mwanafunzi wa miguu na kwa dalang anayetaka usiku wake mzima.