Vipimo Safi, Tumbo Bado Linauma

"Huna kitu." Daktari anaamini amekupa habari njema. Damu safi, choo safi, ultrasaundi safi, na kamera imeshuka hadi tumboni isione kidonda. Wewe umejikunja kitini, kiganja kimegandia pale pale panapouma, hujui ushukuru au ulie.

Wapo watakaokuambia usikubali, tafuta zaidi. Wana hoja, maana kipimo hujibu swali kililoulizwa tu. Kamera huona utando wa ndani. Mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo haiioni. Endometriosisi, yaani tishu kama za utando wa mfuko wa uzazi kuota nje yake, inaweza kuwepo na ultrasaundi isionyeshe lolote, na wanawake wengi wamezungushwa miaka na miaka wakiambiwa hedhi ndivyo ilivyo.

Kingine wala hakihitaji mashine. Mwaka 1926 daktari aitwaye Carnett alieleza jambo jepesi: mgonjwa alale chali, abonyezwe kwa kidole panapouma, kisha ainue kichwa na mabega. Misuli ikikaza na maumivu yakazidi, huenda yanatoka kwenye ukuta wa tumbo, pengine mshipa wa fahamu uliobanwa, na viungo vya ndani havihusiki. Sindano ya ganzi hapo hapo huweza kuyatuliza. Ni dakika moja tu, lakini mtu anaweza kupigwa CT skani kabla hajaguswa tumbo sawasawa.

Upande wa pili unasema basi, inatosha. CT skani ina mionzi, na ukitafuta sana utakuta kijivimbe kisicho na madhara kitakachokuzalia vipimo vingine na usiku bila usingizi. Isitoshe, maumivu ya namna hii mara nyingi yana jina lake. Kwa vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo madaktari huvitumia kutambua magonjwa ya aina hii, utumbo nyeti, yaani utumbo unaouma bila vipimo kuonyesha ugonjwa, hutambuliwa kwa dalili: maumivu angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yanayoendana na kwenda haja au mabadiliko ya choo, na yaliyoanza si chini ya miezi 6 nyuma. Mishipa ya fahamu ikishakuwa nyeti, hata gesi ya kawaida huuma kweli.

Na tiba ipo. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2023, wenye wagonjwa 463 wa utumbo nyeti, ulionyesha dawa iitwayo amitriptilini kwa dozi ndogo ikiwapa nafuu kuliko kidonge kisicho na dawa. Tatizo, mgonjwa anafika nyumbani, anasoma karatasi ya dawa, anakuta imeandikwa ni ya "sonona", ugonjwa wa huzuni nzito. Anaitupa. Kumbe wameniona mwendawazimu! Simlaumu, aliyeandika dawa bila kueleza kuwa kwa dozi hiyo inatuliza mishipa ya fahamu ndiye aliyeharibu.

Mimi naegemea upande wa kutibu maumivu sasa, ila si kwa kufunga faili. Ukipungua uzito bila sababu, ukaona damu chooni, ukapata homa au upungufu wa damu, au shida ikaanza ukiwa umevuka miaka 50, uchunguzi urudi mezani. Maumivu makali ya ghafla ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Nje ya hayo, kabla ya kuomba skani nyingine ningemuuliza daktari: "Hivi vipimo vimeondoa magonjwa gani, na yapi bado?" Akiyataja, nitaanza dawa nikiwa na amani. Akisema tena "huna kitu", natafuta mwingine.