Kura ya Hasira Haianzii kwa Mgeni

Aprili 28, 2010, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, mama mmoja mstaafu alikutana na Waziri Mkuu Gordon Brown barabarani mjini Rochdale. Mama huyo alikuwa mtu wa Labour, chama cha Brown, miaka yote. Akamweleza yaliyokuwa moyoni: deni la taifa, kodi inayokatwa kwenye pensheni yake, ada ya chuo itakayowaelemea wajukuu. Katikati ya hayo akapitisha swali fupi kuhusu watu wa Ulaya Mashariki wanaomiminika nchini. Waziri Mkuu akamjibu kwa upole, wakaagana vizuri, akapanda gari. Kinasa sauti cha televisheni kilikuwa bado kimebanwa kwenye nguo yake, na nchi nzima ikamsikia akimwambia msaidizi wake kwamba yule mama ni mbaguzi. Siku hiyohiyo Brown alirudi hadi nyumbani kwa mama huyo kuomba radhi.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya lile tusi. Mimi kinachonikaa akilini ni maswali yenyewe. Mama aliuliza mambo kadhaa, likasikika moja. Waliomtetea na waliomlaani wote walilishika lile la wahamiaji, ya pensheni na ada yakaachwa pale pale barabarani. Na tangu wakati huo mjadala wa uhamiaji umekuwa ukienda hivyo: mtu anakuja na mzigo wa malalamiko, anapokelewa lile moja tu lenye mgeni ndani yake, kisha kila upande unapigana juu ya hilo.

Ninachoamini ni hiki. Wingi wa wageni peke yake haukuvijenga vyama vinavyoishi kwa kura ya hasira. Vilijengwa na serikali zilizosema jambo moja jukwaani na kugonga mhuri wa jambo jingine ofisini, mwaka baada ya mwaka, bila kumweleza mwananchi kwa nini. Naitazama zaidi Uingereza kwa sababu huko jambo hili limeandikwa kwa tarakimu, na kila mtu anaweza kulifuata hatua kwa hatua.

Mei 1, 2004 nchi 10 zilijiunga na Umoja wa Ulaya, nyingi zikiwa za Ulaya ya Kati na Mashariki. Wanachama wengi wa zamani walitumia haki ya kuchelewesha kuwafungulia soko la ajira raia wa nchi hizo. Uingereza, Ireland na Sweden hazikuchelewesha. Utafiti ulioagizwa na serikali ya Uingereza ulikadiria kwamba ongezeko lingekuwa kati ya watu 5,000 na 13,000 kwa mwaka, ukichukulia kwamba nchi kubwa kama Ujerumani nazo zingefungua milango. Hazikufungua. Waliofika Uingereza wakawa mamia ya maelfu ndani ya miaka michache.

Watu hao walikwenda kufanya kazi, na nchi ilizihitaji kazi zao. Ukitaka kuliona hilo, tazama mji wa Boston katika mkoa wa Lincolnshire, eneo la mashamba makubwa ya mboga. Mboga zilivunwa, zikapakiwa, zikafika madukani kwa bei nafuu. Lakini mji mdogo unapoongezeka watu kwa haraka namna hiyo, foleni ya daktari inarefuka, madarasa yanajaa, nyumba moja inapangishwa vitanda badala ya vyumba, na aliyepanga bajeti hakupanga kwa watu hao. Mkazi wa pale haoni takwimu za uchumi wa taifa. Anaiona foleni. Na alipoisema, aliambiwa uhamiaji unaongeza pato la taifa, kana kwamba pato hilo limewahi kupita mtaani kwake. Mwaka 2016 Boston ilipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya kwa asilimia 75.6, kiwango kikubwa kuliko eneo lolote lingine la nchi hiyo.

Kabla ya kufika huko, kulikuwa na ahadi. Mwaka 2010 David Cameron na chama chake cha Conservative waliahidi kushusha uhamiaji halisi, yaani tofauti ya wanaoingia na wanaotoka, hadi makumi ya maelfu kwa mwaka. Ahadi hiyo haikutimia hata mwaka mmoja. Kufikia 2015 takwimu ilikuwa imevuka 300,000, na ahadi ikarudiwa. Sijui kama kuna kitu kinachokausha imani ya mtu kuliko kurudiwa kwa ahadi na yuleyule aliyeivunja, kwa sauti ileile.

Mwaka huohuo wa 2015 chama cha UKIP, kilichoanzishwa 1993 kikitaka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya na ambacho viongozi wengi walikuwa wakikipuuza, kilipata kura karibu milioni 3.9. Kikapata kiti kimoja cha bunge. Chama cha kitaifa cha Scotland, SNP, kwa kura kama milioni 1.5, kilipata viti 56, kwa sababu mfumo wa Uingereza humpa kiti aliyeongoza jimboni na kura za wengine wote huishia hapo. Mimi si shabiki wa UKIP, na sipendi karibu lolote walilolisema kuhusu wageni. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mmoja wa wale milioni 3.9: umesimama kwenye mstari, umepiga kura, wenzako wengi wamepiga kama wewe, na bungeni mnaye mtu mmoja. Mwaka uliofuata ukaletewa karatasi ya kura ambayo kila alama juu yake inahesabiwa sawasawa. Juni 23, 2016 asilimia 51.9 walichagua kujitoa. Mimi sishangai.

Na sasa tufike mahali ambapo, kwangu, ndipo penye kiini cha habari yote. Uingereza ikatoka. Haikuwa tena na sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuilaumu, na kila viza iliyotolewa ilitolewa na serikali yenyewe kwa kanuni ilizozitunga yenyewe. Katika mwaka ulioishia katikati ya 2023 uhamiaji halisi ukapita watu 900,000. Serikali ya chama kilekile kilichoahidi makumi ya maelfu ndiyo iliyoisimamia idadi kubwa kuliko zote kuwahi kuandikwa nchini humo. Sehemu yake ilikuwa watu wa Ukraine na Hong Kong, na hao wengi waliwakubali kwa moyo mweupe. Sehemu kubwa ilikuwa wanafunzi na watunza wazee, pamoja na familia zao.

Kwa nini? Si njama, wala si kwamba viongozi walilala. Chukua vyuo vikuu. Ada ya mwanafunzi wa England iligandishwa kwenye paundi 9,250 kuanzia 2017 hadi 2025 huku gharama zikipanda, na mwanafunzi wa kutoka nje akiruhusiwa kutozwa zaidi sana. Vyuo vikajaza pengo kwa wageni. Serikali ilijua, na ilinyamaza kwa sababu njia nyingine ilikuwa kupandisha ada au kodi.

Chukua wazee. Huduma ya kumwogesha, kumlisha na kumvalisha mzee asiyejiweza hulipiwa kwa sehemu kubwa na halmashauri, na halmashauri zilikatwa ruzuku kwa miaka mingi baada ya 2010. Fedha ikiwa ndogo, mshahara unakuwa mdogo. Kazi ngumu yenye mshahara mdogo, ikishindana na ghala au duka kubwa linalolipa zaidi kidogo bila kukuamsha usiku, haipati mtu. Mwaka 2022 nafasi zilizokosa watu katika sekta hiyo huko England zilizidi 160,000. Februari mwaka huo serikali ikawafungulia viza watunza wazee. Wakaja kutoka India, Nigeria, Zimbabwe na kwingineko. Wengi waliuza walivyokuwa navyo kuwalipa mawakala; baadhi walifika wakakuta kazi waliyoahidiwa haipo, na kwa kuwa kibali chao kilifungwa kwa mwajiri mmoja, walikaa kimya wakanyonywa. Miaka miwili baadaye, Machi 2024, wakakatazwa kuja na familia zao. Julai 2025 kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje kukasitishwa.

Hebu tazama alichofanyiwa kila mmoja hapo. Mkazi aliahidiwa wageni wachache, akaletewa wengi. Mgeni aliitwa, akaitikia, kisha akageuzwa kuwa tatizo na walewale waliomwita. Mzee alipata wa kumwogesha, lakini hakuna aliyesimama hadharani kusema: tunawaita watu hawa kwa sababu hatukutaka kulipa kodi inayotosha kuifanya kazi hii iwe ya heshima. Sentensi hiyo moja ingeubadilisha mjadala wote. Wapo ambao wangesema basi tulipe, na wapo ambao wangesema basi waje. Yote mawili ni majibu ya watu wazima. Badala yake nchi ikapewa kaulimbiu za kuzuia mashua.

Mashua ni jambo la kweli, sipunguzi uzito wake. Mwaka 2022 zaidi ya watu 45,000 walivuka bahari kutoka Ufaransa kwa vyombo vidogo, na wengine walikufa maji wakijaribu. Ila hata katika mwaka huo walikuwa sehemu ndogo ya waliohamia. Wengi mno walishuka kwenye ndege wakiwa na viza mkononi. Mashua huonekana kwenye picha, viza haionekani. Maombi ya hifadhi yakarundikana, waombaji wakawekwa hotelini kwa gharama iliyofikia paundi milioni 8 kwa siku mwaka 2023, huku sheria ikiwazuia kuomba hata ruhusa ya kufanya kazi hadi mwaka mzima upite. Jirani anawaona vijana wamekaa hawafanyi kitu, anachukia uvivu wao. Hajui kwamba uvivu huo umeandikwa kwenye kanuni.

Kisha ikaja Julai 29, 2024. Wasichana wadogo watatu waliuawa kwa kisu mjini Southport, na ndani ya saa chache uongo ukasambaa mitandaoni kwamba muuaji ni mwomba hifadhi aliyekuja kwa mashua. Alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff. Siku chache baadaye umati ulishambulia hoteli ya waomba hifadhi karibu na Rotherham na kujaribu kuitia moto watu wakiwa ndani. Hapa sina cha kutafuta uwiano. Asiwepo wa kuniambia kwamba hasira ya foleni ya daktari inaeleza kumchoma moto binadamu aliyelala. Anayewasha moto huo ana jina lake kwenye sheria, na mwanasiasa anayepuliza makaa kisha akadai yeye anauliza maswali tu, naye ana jina.

Lakini umati ule haukuwa mamilioni. Mwezi huohuo wa Julai watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wamekipigia chama cha Reform UK, kinachopinga uhamiaji mkubwa na kuongozwa na Nigel Farage, wakakipa viti vitano. Kuwaweka hawa wote kwenye kapu moja na wachoma hoteli ni kurudia kosa la ndani ya gari kule Rochdale, safari hii bila hata kuomba radhi.

Wapo wanaoniambia dawa imeshapatikana Denmark: vyama vya kawaida vichukue maneno ya wale wakali na wakali watakwisha. Ni kweli, chama cha Dansk Folkeparti, kimojawapo cha wakali hao, kilishuka kutoka asilimia 21.1 mwaka 2015 hadi 8.7 mwaka 2019, Mette Frederiksen, kiongozi wa chama cha Social Democrats, akashinda akiwa na msimamo mgumu juu ya wahamiaji, na mwaka 2022 kikabaki na 2.6. Ila uchaguzi huohuo wa 2022 chama kipya cha Inger Støjberg, waziri wa zamani wa uhamiaji, chenye msimamo mgumu uleule, kilipata asilimia 8.1, na kingine cha upande huo kikapata zaidi ya 3. Kura hazikufa, zilihamia mahali pengine. Na wanaoisifu Denmark husahau kwamba Frederiksen alipeleka pia sheria ya kuwaruhusu watu walioanza kazi ngumu wakiwa vijana wadogo kustaafu mapema. Yaani alijibu na swali la pensheni. Wanaomwiga wamechukua ukali, pensheni wameiacha.

Mimi sidai mipaka iwe wazi. Nchi ina haki ya kuamua nani aingie, na raia wana haki ya kutaka idadi ndogo bila kutukanwa. Ninachodai ni hesabu iwekwe mezani. Waziri anayetangaza kwamba atapunguza wageni kwa idadi fulani aseme papo hapo ni kazi ipi itakosa mtu, nani ataifanya, kwa mshahara gani, na fedha hiyo itatoka mfukoni mwa nani. Anayetaka wageni waje naye aseme watakaa nyumba ipi na watoto wao watasoma darasa lipi. Mficha maradhi kilio humfichua, na Ulaya kilio hicho kimekuwa kikisikika kila uchaguzi.

Mei 2025 Reform ilishinda udhibiti wa halmashauri 10 za England, Kent ikiwa mojawapo. Kutunza wazee ni miongoni mwa gharama kubwa kabisa za halmashauri kama hiyo. Miezi michache baadaye, serikali kuu ilipoufunga mlango wa viza za watunzaji, viongozi wapya wa Kent, waliochaguliwa kwa bendera ya chama kinachotaka uhamiaji usio wa lazima usitishwe, walimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani kumweleza wasiwasi wao: watunzaji wengi wa wazee wao wanatoka nje, na wakiondoka hawajui watapata wapi wengine. Sikufurahi kuisoma habari hiyo kama mtu aliyemkamata mwenzake kwenye kosa. Nilifurahi kwa sababu nyingine. Barua ile ingepaswa kusomwa kwa sauti Rochdale, mwaka 2010, mbele ya yule mama.